Aliitwa, Hakuwepo

Walinipa karatasi yenye majina kumi na mawili, wakanikalisha nyuma ya dirisha la mapokezi, wakaniambia niite.

Dirisha lenyewe ni dogo, kama la banda la kuku. Lina nondo tatu, na chini yake kuna ubao uliolainika kwa viwiko vya wagonjwa wa miaka yote. Ukiwa ndani unaiona korido nzima: mabenchi mawili marefu yanayotazamana, ukuta wa kijani hadi kiunoni na mweupe juu yake, na mwishoni mlango ulio wazi unaomwaga jua la kiangazi mpaka katikati ya sakafu. Sikuwahi kuliona dirisha hilo kwa upande wa ndani. Siku zote mimi ni mtu wa benchi.

Kwenye mabenchi walikaa wanafunzi, wamechanganyika na wagonjwa wa kweli. Wanasomea masikio. Mwalimu wao, Luciana, alikuwa amewaziba kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, kisha juu ya pamba akawavika yale makopo ya masikio wanayovaa mafundi wa kukata vyuma. Saa mbili nzima wasisikie kitu. Ati wajue mgonjwa wao anaishi wapi.

"Mzee Kefa," mwalimu aliniambia, "waite kama watu wanavyoitwa hapa kila siku. Usiwaonee huruma. Kila jina mara tatu. Asiyekuja, unapita kwa mwingine. Halafu kwenye karatasi, mbele ya jina, unaandika."

"Naandika nini?"

"Utaamua mwenyewe."

Nitasema ukweli. Sikwenda pale kusaidia elimu ya mtu. Mtendaji wa kijiji aliponiletea ujumbe kwamba wale wa masikio wamerudi, na kwamba mwalimu anaomba mzee Kefa aje azungumze na wanafunzi, nilikubali haraka mpaka mtendaji mwenyewe akashangaa. Nilikuwa nimeweka matusi ya miaka miwili. Njia yote, kutoka kwetu mpaka Kinyangiri kwa mguu na kutoka Kinyangiri kwa pikipiki, niliyapanga: hili la wakubwa wa wilaya, hili la hospitali, hili la chuo chao. Nimeishia darasa la nne, lakini matusi hayaombi cheti.

Hospitali yenyewe siitaji jina. Anayeijua anaijua.

*

Mke wangu aliitwa Agripina. Kijijini hakuna aliyemwita hivyo, alikuwa Mama Noel. Agripina lilikuwa jina la ubatizo na la makaratasi.

Alikuwa mtu wa sauti. Akipepeta mtama uani, wa barabarani wanapunguza mwendo. Halafu kikamwingia kifua kikuu. Walimchoma sindano kila siku ya Mungu, mwezi baada ya mwezi, na kifua kikapona, sina ubishi, kikapona kabisa. Ila siku moja asubuhi aliniuliza mbona vifaranga wameacha kulia. Nikatazama, vifaranga wako miguuni kwake, wanalia midomo wazi. Baada ya vifaranga ikaondoka mvua ya juu ya bati. Baada ya mvua nikaondoka mimi.

Nilikwenda kuuliza. Aliyenijibu alinijibu huku anaandika, hakuinua kichwa. "Zile sindano wakati mwingine zinafanya hivyo. Sasa ungechagua nini, mzee, masikio au uhai?"

Kama vile kuna mtu aliyetuita tukachague.

Miaka sita tuliishi kwa kelele. Nikimwambia anitengee maji ya kuoga, kijiji kizima kinajua Kefa anaoga. Majirani walikuwa wanatucheka, nami nilikuwa nacheka nao, mpaka kucheka kukaisha. Mtu anachoka. Kwanza unaacha kumwambia yale madogo: umesikia fulani kanunua ng'ombe, umesikia mbuzi wa fulani wameingia kwenye mtama. Halafu unagundua kwamba madogo ndiyo yalikuwa ndoa yenyewe, na yaliyobaki ni maji na chakula. Yeye akawa anakaa jikoni, mgongo kwa mlango. Nikimwita namrushia kijiti.

*

Hao wa masikio walikuja mara ya kwanza mwaka juzi, baada ya mavuno ya alizeti. Kanisani tukatangaziwa: mwenye tatizo la kusikia aende hospitali, kuna walimu na wanafunzi kutoka chuoni, watapima na watafundisha. Walikuwa na neno lao, huduma za utengamao. Nililishika kwa sababu sikujua maana yake. Mpaka leo likinijia nikiwa nachunga, nalitafuna kama gundi ya mti.

Luciana alituelezea. Ni mama mfupi, sauti ya pole, na akiongea na kiziwi haondoi uso. "Sikio likishakufa hatulifufui," alisema. "Tunachoweza ni kumrudisha mtu kwa wenzake."

Nikajisemea, maneno mazuri. Watu wa mikutano hawakosi maneno mazuri.

Kila mwanafunzi alipewa mgonjwa mmoja wa kumfuata mpaka nyumbani. Bahati yetu ilikuwa kijana mmoja, Derick, mrefu, miwani minene, viatu vyake vikakatika soli siku ya kwanza tu kwa mawe ya kwetu. Alikuja jioni tano mfululizo. Nilitegemea amfundishe mke wangu. Kumbe alikuja kunifundisha mimi.

"Baba, unakaa wapi ukiongea na mama?"

"Nakaa kwangu," nikamjibu. "Kwani nyumba si yangu?"

Akacheka, akachukua kigoda changu, akakiweka uani, akaniambia nikae uso uelekee jua. "Mwanga ukupige wewe, usimpige yeye. Yeye anakusoma. Kitabu ni uso wako. Sasa wewe miaka yote unamwambia asome kitabu gizani, na kitabu chenyewe umekifunga."

Alinifundisha kumgusa bega kwanza. Nisipige kelele, kwa sababu mdomo unaopiga kelele unaharibika umbo. Nisiongee huku nimeshika shavu au natafuna. Asipoelewa mara mbili, nisirudie neno lile lile kama kasuku, nitafute njia nyingine. Agripina mwenyewe, Derick alimfundisha jambo moja tu, akalirudia jioni zote tano: mtazame mtu mdomoni. Usione haya. Yeyote anayeongea na wewe, mtazame mdomoni.

Siku ya tatu nilikaa kwenye jua, nikamgusa bega, nikasema taratibu bila sauti kubwa: "Mboga ya leo ilikuwa na chumvi nyingi."

Akanitazama mdomoni. Halafu akasema, kwa Kinyiramba, kwa ile sauti yake iliyokuwa imepoteza ngazi: "Na wewe ulimaliza sufuria."

Derick hakuelewa lugha. Alituona tu tunacheka, watu wazima, mpaka mama wa watu akajifuta machozi kwa kanga. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini. Ningependa kujua.

Baada ya hapo Mama Noel alikuwa hatari. Jumapili alikaa kanisani akawasoma wamama wa kwaya wakinong'onezana wakati wa mahubiri, na njiani akanipa habari yote, nani kamsema nani, na kwamba mke wa mwinjilisti kashona gauni kwa kitambaa cha pazia. Nilimwambia, "Mama Noel, utatugombanisha na ushirika mzima." Akaniambia, "Miaka sita hakuna mtu aliyenipa umbea. Niache nile."

Siku ya kufunga mafunzo wakaja wakubwa. Magari matatu, turubai, viti vyenye vitambaa. Kila mgonjwa akavikwa shimesikio lake, ndivyo wanavyoliita kwenye hotuba, sisi tuliita mashine. Agripina alivikwa na mkubwa mwenyewe, mbele ya kamera, na mkubwa akamgeukia mpiga picha huku bado ameshika sikio la mke wangu kama mtu anayeonyesha hindi aliloliotesha. Akatangaza kwamba kuanzia siku ile mama huyu amepona. Watu wakapiga makofi. Luciana hakupiga, hilo nililiona.

Ile mashine ilimrudishia vifaranga. Mimi hakunisikia vizuri, nilikuwa kama mtu anayeongea ndani ya mtungi, alisema, lakini vifaranga aliwasikia. Inakula betri ndogo kama kidonge, na alipewa kadi moja yenye betri sita. Tuliambiwa gari litapita kila mwezi kuleta nyingine na kurekebisha mashine zilizolegea. Mwezi wa kwanza tulingoja gari. Mwezi wa pili nilikwenda hospitali, wakaniambia betri ni za mradi, niulize wilayani. Wilayani wakaniambia betri ni za chuo, niulize hospitali. Nilikwenda na kurudi mpaka soli yangu nayo ikakatika kama ya Derick.

Agripina aliendelea kuivaa. Imekufa, haina kitu ndani, na yeye anaivaa kwenda kanisani. Nilimuuliza kwa nini. "Wakiniona nayo wananisalimia," alisema. "Nisipoivaa wananipita."

Kwa hiyo kijiji kikajua kwamba Mama Noel anasikia.

*

Alikuwa na presha. Mwezi wa nane wa mwaka ule ule vidonge vikaisha, kichwa kikaanza kumgonga, na miguu ikavimba. Alhamisi alikwenda hospitali peke yake. Mimi nilikuwa bondeni nachimba vitunguu, lori la mnunuzi lilikuwa njiani, na lori halimngoji mtu. Aliondoka na pikipiki ya kwanza. Saa moja asubuhi alishatoa kadi yake dirishani na kukaa kwenye benchi.

Alirudi jioni mikono mitupu.

"Hawakuniita," alisema.

Nikawatukana hospitali, yeye akiwa ameshanigeuzia mgongo anachochea moto. Tukakubaliana arudi Jumatatu. Jumapili, baada ya ibada, aliinama kuokota ungo akabaki ameinama. Tulimfikisha hospitali akiwa anapumua kwa upande mmoja. Jumatatu alikuwa mochwari, jengo la nyuma ya benchi lile lile.

Baada ya matanga nilikwenda kudai. Mkubwa wa pale alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akafungua faili, akaligeuza upande wangu na kuweka kidole. Nilisoma herufi kwa herufi, kwa sababu nasoma polepole na kwa sababu mkono wa nesi ulikuwa mbaya. Tarehe ya ile Alhamisi. Mbele yake: *Aliitwa mara 3. Hakuwepo.*

"Alikuwepo," nikamwambia. "Kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa."

"Mzee, mimi nafanya kazi na maandishi."

"Maandishi yanasema uongo."

"Maandishi yanasema aliitwa, mzee wangu. Pole sana."

Neno moja, hakuwepo, ndilo lililonikausha. Kufa watu wanakufa. Lakini mtu kakaa pale na kichwa kinamgonga, kakaa kwa saa nane nzima, na serikali ina karatasi inayosema hakuwepo. Miaka miwili nimelala na neno hilo na kuamka nalo. Nalilaumu dirisha, na nesi, na mkubwa aliyemshika sikio, na walioleta betri sita kwa maisha ya mtu. Sifuti hata mmoja. Wote wamo na wote wanastahili.

*

Basi nikaita.

Nilianza kwa furaha, naungama. Nikajisemea, leo na ninyi mtajua. Kwa kuwa nasoma kwa kufuata na kidole, uso wangu wote ulizama kwenye karatasi, na majina nikayatoa kwa puani, kama wanavyofanya wao. Jina la kwanza, mara moja, mbili, tatu. Mwanafunzi akanyanyuka kwa kubahatisha, akanyanyuka na mwenzake, wakatazamana, wakakaa wote wawili. Wagonjwa wa kweli wakacheka. Jina la pili akaja. La tatu akachelewa, nikapita. Niliandika ninavyojua: *amekuja*, *hakuja*. Nilipoinua macho niliwaona wamekaza shingo kama kuku walioona mwewe, wote wanatafuta mdomo wangu kati ya nondo, na mdomo wangu hawauoni. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hata nesi wa siku ile labda hakuwa na ubaya. Alikuwa anasoma tu.

Sikupenda kufahamu hivyo. Nikaita kwa nguvu zaidi.

Jina la sita lilikuwa Kauthar.

Nilimwona mara moja, kwa sababu wengine wote walikuwa wananitazama na yeye peke yake alikuwa anatazama sakafu. Binti wa mjini, wa Singida pale, asubuhi alinisalimia akanitajia jina, hijabu yake nyeupe imekandamizwa na yale makopo. Magoti pamoja, mikono mapajani. Mbele yake, kwenye benchi la pili, alikaa mzee mmoja mgonjwa, fimbo katikati ya miguu.

"Kauthar," niliita. Mara ya kwanza.

Na pale pale nikaisahau karatasi, kwa sababu nilikuwa nimeliona benchi lile kama lilivyokuwa siku ile. Nilikuwa nimesimuliwa na mtu aliyelikalia.

Alinisimulia kaka yangu mkubwa, Abraham, siku ya tatu ya matanga. Alikuwa hospitali ile Alhamisi, kwa ajili ya mguu wake. Alikaa benchi la pili, mbele ya mke wangu. Na kwetu, mke wa mdogo wako ni mkwe wako. Hamshikani mkono, hamkai benchi moja, na jina lake la ubatizo halipiti mdomoni mwako.

"Niliwasikia wakimwita," Abraham aliniambia, macho yake yako kwenye moto wa matanga. "Mara ya kwanza hakunyanyuka. Mara ya pili hakunyanyuka. Nikajua amesikia, si ana mashine sikioni? Nikajua anaona haya kunyanyuka na kupita mbele yangu. Ameinamisha macho, mtoto wa watu, na adabu zake. Nikatoka nje nimpishe. Niliporudi wameshapita kwa wengine."

Tangu siku hiyo sijala kwake. Kijiji kinajua kwamba nimemweka Abraham kwenye orodha moja na wakubwa wa wilaya, na kijiji kinasema nina haki.

"Kauthar!" Mara ya pili. Binti hakutikisika.

Kuna jambo ambalo kijiji hakilijui.

Miezi miwili kabla ya ile Alhamisi, tulikaa kikao cha posa ya binti wa Abraham. Wanawake upande wao, wanaume upande wetu. Abraham alipoanza kusema, Agripina aliinua uso akamtazama mdomoni, kama alivyofundishwa, na hakuondoa macho mpaka mwisho. Wageni wakaanza kuangaliana. Abraham akakatisha maneno yake katikati, akaweka kibuyu chini, akatoka. Nikamkuta zizini.

"Mke wako ananitazama meno kama anataka kuninunua mnadani," alisema. "Mbele ya wakwe. Hao wanafunzi wako walimfundisha kusikia au walimfundisha utovu?"

Nilirudi nyumbani na aibu yangu. Na nilifanya kila kitu sawasawa. Sikumrushia kijiti. Nilimwendea mbele, nikamgusa bega. Nikavuta kigoda, nikakaa uso uelekee jua. Nikatoa mkono shavuni. Nikasema taratibu, bila kelele, kila neno na umbo lake:

"Mama Noel. Usiwatazame wakubwa mdomoni. Ukiwa mbele ya kaka, inamisha macho."

Akanisoma mpaka mwisho. Akauliza, "Hata akiwa anasema na mimi?"

"Hata akiwa anasema na wewe. Hata iweje."

Akaitikia kwa kichwa. Akainamisha macho pale pale, kama mtu anayejaribisha nguo.

Alinielewa mara ya kwanza. Katika miaka yake yote ya ukiziwi, hakuna jambo nililomwambia akalielewa vizuri namna ile.

"Mzee," nesi aliyekuwa kando yangu alinong'ona, "ita mara ya tatu, upite."

Nilifungua mdomo. Kauthar bado anatazama sakafu, na yule mzee wa benchi la pili, ambaye amesikia jina mara mbili na anaona wazi ni nani asiyenyanyuka, alikuwa anatazama ukuta.

Sikuita. Nilinyanyuka, nikafungua mlango wa mapokezi. "Mzee, unakwenda wapi? Hujamaliza," nesi akasema. Nilipita korido, goti langu la kushoto likilia, mpaka kwenye jua la mlangoni. Nikamgusa yule binti bega. Akashtuka, akainua uso. Nikasogea hatua moja, mwanga ukanipiga mimi, si yeye.

"Kauthar," nikasema. "Unaitwa."

Alinisoma. Akavua yale makopo, akachomoa pamba, akawa anapepesa macho kama mtu aliyeamshwa. "Nimefeli, baba? Nilijua kabisa natakiwa kulitazama dirisha. Mwalimu ametufundisha." Akashusha sauti. "Lakini huyu babu amekaa mbele yangu moja kwa moja. Nikiinua macho ni kama namkodolea yeye. Niliona haya."

"Umelelewa vizuri," nikamwambia.

Ndivyo mwinjilisti alivyosema kaburini, kwamba tunamzika mama mwenye adabu. Wote wakaitikia. Na mimi niliitikia.

*

Nilirudi dirishani nikamaliza majina yaliyobaki. Baada ya saa mbili kwisha walitukusanya kwenye chumba cha mikutano, chini ya feni isiyozunguka. Mwalimu akanisimamisha mbele. Matusi yangu yote yalikuwepo, hakuna lililodondoka njiani, na nikayatoa. Niliwaambia ya betri sita. Niliwaambia ya gari la kila mwezi, na ya mkubwa na kamera, na ya kumvika mtu mashine na kutangaza amepona, kwamba mashine iliyokufa ikikaa sikioni ni uongo unaoning'inia. Niliwaambia ya faili. Wanafunzi waliandika. Kijana mmoja akauliza kwa heshima ni kitu gani familia ingeweza kufanya tofauti, nikamwambia familia ilifuata mafundisho yao hatua kwa hatua.

Ilikuwa kweli. Naye akaandika.

Wakapiga makofi, safari hii na mwalimu. Wakatoka mmoja mmoja, kila mmoja na shikamoo yake mlangoni. Luciana akabaki anakusanya vitu, makopo ya masikio ndani ya boksi, pamba chafu kwenye mfuko. Akaichukua karatasi yangu ya majina, akaipitisha macho, akanirudishia na kalamu.

"Hapa kwa Kauthar hujaandika kitu, mzee."

Niliiweka juu ya goti. Herufi zangu ni kubwa, za darasa la nne, haziwezi kukaa ndani ya mstari. Nilichukua muda wangu.

*Alikuwepo.*

Mwalimu alisoma. Alinigeukia vizuri, uso kwa uso, dirisha likiwa nyuma yake na mwanga wote kwangu, akanitazama mdomoni kama mtu anayejua kwamba maneno hayajaisha.

Nikainamisha macho.